Manga ya gemu ya vita: nani anabeba uamuzi?

Kuna watu wanadhani ukitaka kutoa manga, yaani kitabu cha katuni cha mtindo wa Kijapani, kwa gemu ya mikakati kazi ni kufungua gemu, kunakili stori yenye iko kwa mazungumzo, kuchora mapanga na majoka alafu umemaliza. Mimi na ndugu yangu mdogo tumekuwa tukichora hii kitu hapa Umoja, Nairobi, tangu mwaka jana, na vile naona ni kwamba stori yenye imeandikwa ndani ya gemu ndio sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni ile haijaandikwa mahali popote, ile yenye wewe mchezaji ulikuwa unafanya na vidole vyako, kwamba huyu asonge mbele, huyu abaki nyuma ya mti, huyu akufe. Hiyo ndio gemu yenyewe, na hiyo ndio inapotea ya kwanza ukihamia kwa karatasi.

Gemu yetu ni Fire Emblem, ile ya 2003 ya Game Boy Advance, ile mashine ndogo ya gemu ya mkononi ya Nintendo, The Blazing Blade, Wajapani wanaiita Rekka no Ken. Hii familia ilianza Japani 1990 kwa Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, Intelligent Systems ndio waliitengeneza na jina lenye utasikia sana ni Shouzou Kaga, alafu kwa miaka zaidi ya kumi haikutoka huko mpaka Marth na Roy, mashujaa wake wawili, wakaonekana kwa gemu ingine ya kupigana, Super Smash Bros. Melee ya 2001, watu wa nje wakaanza kuuliza hawa wasee wa mapanga ni kina nani. Hiyo ya 2003 ndio ya kwanza kuletwa nje ya Japani. Kama umewahi kaa stejini ukiangalia wazee wakicheza drafti na vifuniko vya soda utaelewa uchezaji haraka sana, zamu yangu zamu yako, kila kipande na miraba yake, tofauti ni kwamba hapa kila kifuniko kiko na jina, kiko na nyumbani kwao na deni yake, na ukikipoteza hakirudi kwa vita inayofuata. Msee akifa amekufa. Stori itaendelea na kiti yake itabaki tupu.

Hiyo kifo ya moja kwa moja ndio roho ya hizi gemu. Kuanzia 2010 waliongeza modi ya wale hawataki kupoteza mtu, na kwa gemu yao ya Three Houses ya 2019 unaweza rudisha wakati nyuma kidogo, na mimi sioni shida, kila mtu acheze vile anapenda. Lakini fikiria vile manga inafanya. Kwa gemu Wil, mpiga mishale wa kikosi chako, akipigwa mkuki ju ulimwacha peke yake kwa daraja, unajua ni wewe, unaweza zima gemu ukalala na hiyo hasira na bado ni wewe. Kwa manga Wil akifa, msomaji anajua ni mwandishi ameamua, na mwandishi hayuko hapo kwa daraja. Lawama yenye ilikuwa yako sasa haina mwenyewe. Kwa hivyo mimi naamini kabisa, na hii ndio kitu nimekuja kusema hapa, manga ya gemu ya mikakati inasimama ama inaanguka kulingana na swali moja, kwamba ndani ya stori ni nani anabeba ule uamuzi wenye mchezaji alikuwa anabeba. Ukimpata huyo mtu na ukampa uzito wote bila kumhurumia, uko na manga. Usipompata uko na picha nzuri za vita.

Sasa The Blazing Blade iko na mtego wake hapo, ju yenyewe imemweka mchezaji ndani ya stori. Mwanzo kabisa Lyn, msichana wa upanga mwenye stori inaanza naye, anakuokota umezimia kwa nyika za Sacae, na wewe ni mpangaji wa vita, unaandika jina lako, usipoandika wanakuita Mark. Wahusika wanakuongelesha, wanakushukuru, lakini hauna sura na hausemi kitu, na kwa ramani haupo. Kwa gemu hiyo inafanya kazi vizuri sana ju ile nafasi tupu unaijaza na mwili wako. Kwa manga nafasi tupu inabaki tupu, unachora mtu wa kofia ya joho amesimama nyuma akinyoosha kidole, na kila amri nzuri imetoka kwake na kila amri mbaya imetoka kwake, na Lyn anakuwa upanga mwenye nywele ndefu.

Hapa tulikosana na ndugu yangu vibaya. Yeye alisema, sista, ukimtoa Mark umetutoa sisi, hiyo gemu nilicheza nikiwa Mark, Lyn alikuwa ananiongelesha mimi. Na ni kweli, sikumwambia si kweli. Lakini nikamwambia akumbuke Lyn ni nani. Baba yake alikuwa mkuu wa kabila la Lorca, majambazi wakawavamia usiku mmoja wakaua karibu kila mtu, na wale wachache walibaki wakatawanyika, hawakukubali kumfuata yeye, ju ni mdogo na ni mwanamke. Huyo ndio msichana anaanza hii safari. Watu wake mwenyewe walikataa amri yake. Sasa mwambie atoe amri kwa mashujaa wawili wa farasi kutoka Caelin, Kent na Sain, wenye amewajua jana, na wafuate, na mmoja aumie ju ya hiyo amri. Si hiyo ni manga tayari? Kila uamuzi wenye ulikuwa wa Mark ukimpa Lyn unagusa hiyo kidonda. Akikosea anathibitisha wale wa Lorca walikuwa sawa, akipatia bado hawapo kuona. Kwa hivyo tumekubaliana wote wawili, Mark tumemtoa, na ndugu yangu ndio ameandika hizo mistari za Lyn akisita kabla ya kuamuru, na ameziandika vizuri kuliko vile ningeweza.

Wengine walipita njia zingine na naziheshimu. Gemu ya Roy, The Binding Blade, ilitoka Machi 2002 Japani peke yake, na manga yake Hasha no Tsurugi ilikuwa kwa jarida la Monthly Shonen Jump kutoka 2001 hadi 2005, stori ya Hiroshi Izawa, michoro ya Kotaro Yamada, vitabu 11. Hawa hawakumfuata Roy. Walichukua kijana anaitwa Al, mwenye hayuko kwa gemu kabisa, wakamtembeza ndani ya vita hiyo hiyo, Roy anapita pembeni na jeshi lake kama mtu unamwona kwa dirisha la matatu. Huo ni ujanja wa maana sana, ju Roy akibaki pembeni, ile gemu uliyocheza inabaki yako, hakuna mtu amekuambia ulisogeza askari vibaya, na Al anaweza kufanya maamuzi yake kwa miraba yenye wewe hukuwahi fika.

Alafu kuna gemu ingine ya hii familia, Genealogy of the Holy War ya 1996. Kwa hiyo mchezaji ndio anaamua nani anapendana na nani, na hizo ndoa zinazaa watoto wenye watapigana nusu ya pili ya stori, mtoto anarithi silaha na uwezo kulingana na wazazi. Imechorwa manga zaidi ya moja na mchoraji akifika kwa hao watoto analazimika kukaa chini na kuamua huyu mtoto baba yake ni nani. Yaani hapo huwezi jificha, lazima uchague, na kuna msomaji mahali alikuwa amewaoanisha tofauti na anaona umevunja nyumba yake. Mimi naona ni bora uchague kwa nguvu. Manga yenye inaogopa kukasirisha mchezaji inakuwa kama yale maelezo yameandikwa nyuma ya kisanduku cha gemu.

Kitu ingine yenye ilinisumbua ni namba. Kwa gemu kabla upige unaonyeshwa, nafasi ya pigo lako kumpata adui ni asilimia 90, ama 62, ama 30, na unaamua kulingana na hiyo. Na hizo namba zenyewe ziko na siri, kuanzia ile gemu ya Roy ya 2002 mashine inachukua namba mbili za bahati nasibu na kupata wastani wake, kwa hivyo ukiona 90 kwa skrini ukweli ni kama 98, na ukiona 30 ukweli ni kama 18. Mimi naona waliipindisha ifanane na vile mtu anahisi ndani ya tumbo, ju binadamu akiambiwa tisini anasikia hakika. Nikajifunza kitu hapo. Gemu haikuwa inauza hesabu, ilikuwa inauza hisia ya kujiamini. Kwa manga siwezi andika 90 hewani juu ya kichwa ya mtu, lakini ile kujiamini naweza chora, na vile inavunjika pia naweza chora, tatizo ni kwamba bahati ikiwa kwa karatasi inakaa uongo. Msee wa 98 akikosa kwa gemu unapiga kelele lakini unakubali. Kwa manga akikosa bila sababu msomaji anasema mwandishi amemwonea. So kila kukosa lazima ipate sababu yenye msomaji aliiona mapema na akaipuuza, kamba ya ngao imelegea kurasa kadhaa nyuma, tope, jua imeingia machoni, mkono wenye ulikuwa umefungwa bandeji tangu asubuhi.

Gemu yenyewe inajua hii kitu mahali pengine. Kuna ule mfumo wa silaha tatu wenye uliingia 1996, upanga unashinda shoka, shoka inashinda mkuki, mkuki unashinda upanga. Ni sheria tu, ungeweza iandika kwa jedwali. Lakini mwanzo wa The Blazing Blade Sain anamvamia jambazi mwenye shoka akiwa na mkuki, ju kwa maoni yake mkuki ndio silaha ya shujaa, na anaaibika, na Kent anamgombeza alafu anampa upanga. Tayari sheria imekuwa tabia ya mtu. Sikuongeza hata neno kwa hiyo sehemu, nimeichora vile iko.

Kwa upande wa macho sasa. Skrini ya Game Boy Advance ni pikseli 240 kwa 160 na kila mraba wa ramani ni pikseli 16, kwa hivyo unaona miraba 15 kwa 10 na kila askari ni kinyago kidogo ndani ya mraba mmoja. Sura zao za mazungumzo ni nzuri na wakipigana unaona mwili mzima ukiruka, lakini viatu, tandiko, kamba, wanalala aje, wanakula nini, karibu kila kitu ni wewe utaamua. Na kubwa zaidi ni farasi. Kwa gemu farasi anasonga miraba mingi na anageuka papo hapo. Mimi nimekulia Umoja, punda nimeona wengi wakivuta maji, lakini farasi mwenye mtu yuko mgongoni anakimbia nilikuwa nimeona kwa anime tu, zile katuni za Kijapani za TV, na farasi wa anime wengi wamechorwa na mtu mwenye pia aliwaona kwa anime.

So nikaanza kwenda Ngong Racecourse zile Jumapili za mbio. Unachukua 111 tao, inakushusha pale Ngong Road. Watu wengi wanasimama kwa ule uzio wa mwisho kuona nani ameshinda, mimi nilikuwa nasimama kule farasi wanatembezwa kabla ya mbio, na kitabu ya michoro na penseli, ju huko wako karibu na wanaenda polepole. Kitu ya kwanza niliona ni povu. Jasho ya farasi ikisuguana na mkanda wa tandiko inakuwa povu nyeupe kama ya sabuni, inakaa hapo kwa mbavu na katikati ya miguu ya nyuma. Kitu ya pili ni kwamba hawageuki papo hapo, shingo inaenda kwanza, alafu bega, na uzito wote unarudi nyuma kabla mguu uguse chini, inachukua nafasi kubwa sana. Kuna saisi mmoja mzee, mtunza farasi, aliniona nachora akacheka akaniambia, msichana yangu, unachora macho sana, angalia masikio. Nikamuuliza, kwa nini masikio mzee? Akasema farasi akisikia kitu atageuza sikio kabla ageuze kichwa, na sikio moja inaweza kuwa mbele inaangalia njia na ingine iko nyuma inasikiliza mwenye amempanda. Nikasimama hapo nikiangalia masikio mchana wote.

Na hiyo ilinisaidia na kitu kubwa kuliko farasi. Kwa gemu unaweza angalia adui anaweza fika umbali gani, unamchagua tu na miraba inawaka. Mkakati wote unategemea hiyo, unasimama mraba mmoja nje ya hatari unangoja. Nilikuwa nimeshindwa kabisa kuonyesha hiyo bila kuchora ramani kila ukurasa. Sasa nachora sikio. Paneli ndogo, yaani kisanduku kimoja cha picha kwa ukurasa, Kent anaongea na Sain vitu za kawaida, sikio moja ya farasi imegeuka kulia. Paneli inayofuata zote mbili. Hakuna mtu amesema kitu. Msomaji anajua kulia kuna hatari na umbali wake, na anajua kabla ya Kent, na Lyn mwenye amekulia nyika za Sacae na farasi anajua wakati mmoja na msomaji. Hapo ndio amri yake ya kwanza inatoka, na wale mashujaa wawili wanaona kwa nini wamfuate.

Zamu pia zilituumiza kichwa, ju kwa gemu upande wako wote unasonga alafu adui wote wanasonga, na ukichora hivyo watu wanakaa kama wako foleni ya benki. Tumeamua zamu mbili za kwanza zinaisha kwa paneli moja ama mbili, vumbi na kwato, alafu ile zamu yenye kila kitu kinaamuliwa inachukua kurasa hata nane. Putomaneno, zile duara za kuandika mazungumzo, nazo tumezifanya pana, ju zile za Kijapani ni ndefu na nyembamba kwa sababu ya maandishi ya kushuka, na Kiswahili ukikiweka hapo kinakatika katika. Na tunasoma kutoka kushoto, ndugu yangu alitaka kutoka kulia kama manga za Kijapani, nimekataa, binamu zetu wadogo ndio wasomaji wetu wa kwanza na sitaki waanze na kuchanganyikiwa.

Chapta yenye tulianza nayo ni ya Dorcas, ingawa haiko mwanzo wa gemu, na tuliichagua makusudi. Usiku, ngome imebomoka, Lyn na wenzake wamejificha huko pamoja na mwanamke anaitwa Natalie, anachechemea, mguu ni mgonjwa, na ametoka kutafuta mume wake. Majambazi wanavamia. Na kati ya wale majambazi kuna Dorcas, mume mwenyewe, amejiunga nao ju anatafuta pesa ya kutibu huo mguu. Kwa gemu ukimpeleka Lyn karibu naye unapata chaguo la kuongea, anamwambia mke wako yuko ndani, na anabadilisha upande. Ukimpiga tu kama wengine, anaanguka kama wengine, na Natalie yuko ndani ya ukuta akingoja.

Wachezaji wazoefu wanajua cha kufanya ju ukiweka kidole juu ya adui unaona jina na sura, na ukiona adui ako na sura yake mwenyewe na si mkubwa wao, unajua huyu pengine si wa kuua. Lakini Lyn hana kidole cha kuweka. Yeye anaona wanaume wenye shoka gizani wakija, na watu wake wako wachache. Kwa hivyo uamuzi wetu ulikuwa huu, Natalie anamwambia Lyn kwamba mume wake hufunga kitambaa kwa mpini wa shoka, kipande cha leso yake, ju mkono wake hutoa jasho. Hiyo tu. Na mshale wa Wil uko tayari, na Dorcas ndio wa karibu zaidi na mlango. Ukurasa mzima ni mkono wa Wil, uzi umevutwa, na kwa paneli ya chini kabisa kitambaa. Lyn lazima aseme shusha. Akisema shusha na si yeye, Wil atakuwa amesimama mbele ya shoka bila chochote mkononi. Kwa gemu hii ni kubonyeza kitufe kimoja na huna wasiwasi. Hapa anaamua na habari nusu, kwa sauti, mbele ya watu wenye watakumbuka. Tumeichora upya mara nyingi hiyo sehemu na nilipomuonyesha ndugu yangu ya mwisho alinyamaza, alafu akasema sawa, hapa Mark hangetosha.

Hatuiuzi, wahusika si wetu, tunaprinti nakala chache kwa cyber na tunapeana kwa watu tunajua. Stori yetu wenyewe, na ramani yetu wenyewe, inakuja baada ya hii, na nataka nifike huko nikijua kazi.

Sasa tunarudi nyuma kwa Florina, rafiki ya Lyn, na farasi wake mwenye mabawa, na hapo Ngong haiwezi nisaidia peke yake. Nimeamua kwenda pale stadium ya Nyayo kuangalia wale marabou, korongo wakubwa, kwa miti ya barabarani, vile bawa inafunguka kutoka begani na vile ndege mzito hivyo anachukua hatua kabla ya kuruka, ju nataka msomaji aone ni kazi kiasi gani kwa farasi kuinuka na mtu mgongoni, na kwa nini mshale mmoja unatosha kuwaangusha wote wawili.